Chupa Kumi na Nne za Maji Mekundu

"Tumbo langu mimi," alisema babu yangu Don Evodio, akiiinua pilipili ya tatu kwa mkia wake ili meza nzima ione, "ukililisha msumari litausaga, ukililisha kufuli litakutemea ufunguo. Nina miaka sabini na moja. Maumivu ya tumbo sijui hata yanafananaje."

Meza ikapiga makofi. Ilikuwa sherehe ya ubatizo wa mtoto wa jirani, hapa kwetu San Gaspar, na mchuzi wa mole ulikuwa mweusi mzito, ule wa kufutwa kwa tortila, mkate mwembamba wa mahindi, mpaka sahani ing'ae. Babu akaitafuna pilipili yake na mbegu zake zote, akashushia pombe kali ya mezkali, akawatazama vijana kwa huruma kama mtu anayewatazama vifaranga. Saa moja baadaye nilimkuta nyuma ya banda la nguruwe, amejikunja kama kiwavi, paji la uso ameliegemeza ukutani, ananong'ona.

"Babu, unamwambia nini huyo nguruwe?"

"Namwomba asimwambie bibi yako."

Nguruwe hakusema kitu. Nilisema mimi.

Kuumwa tumbo si aibu. Aibu ilikuwa kwamba bibi yangu, Doña Casilda, anauza gome la cuachalalate sokoni kila Jumapili tangu mama yangu hajazaliwa. Ni gome nene, lenye manundu kama mgongo wa chura mzee. Unalitia majini jioni, asubuhi maji yamekuwa mekundu, unayanywa kutwa nzima kama unavyokunywa maji ya kawaida. Wenye vidonda vya tumbo wanamfuata kutoka miji ambayo mimi sijawahi kufika. Na katika San Gaspar yote mtu mmoja tu hajawahi kumaliza hata kikombe, naye analala kitanda kimoja na muuzaji. "Ladha yake," babu huwaambia watu, "ni kama kulamba mlango."

Huko kliniki walimwingiza mpira wenye kamera kooni, akatokwa machozi mbele ya wauguzi wawili aliokuwa amekwisha kuwatania. Kidonda kimoja, wakasema, ukubwa wa punje ya mahindi. Ndipo pia ikajulikana kwamba miaka mitatu alikuwa akimeza vidonge vya maumivu ya goti, vile vinavyochubua tumbo, alivyonunua dukani vitatu vitatu na kuvificha ndani ya gitaa lisilo na nyuzi. Bibi hakupiga kelele. Alilitikisa gitaa, likalia kama kayamba, akalirudisha ukutani.

"Miaka arobaini na minane, Evodio," alisema. "Nilidhani hujui kupiga hata wimbo mmoja."

*

Jumapili iliyofuata soko zima lilikuwa na habari.

"Mganga hajigangi, hilo nalijua," alipaza sauti Don Wulfrano, muuza nyama ya kukausha, aliyekaa ng'ambo ya kibanda chetu. "Lakini hata mume, Doña Casilda? Hata mume?"

"Wewe kata nyama yako, Wulfrano. Inzi wako wanakosa adabu."

Angalivumilia hayo. Lakini siku hiyohiyo akaja karani wa soko, kijana mwenye viatu vipya, mkononi kopo la rangi nyeupe. Akasimama mbele ya ubao wa bibi, ule ambao babu mwenyewe aliuandika kwa herufi za kijani walipokuwa wachumba: GOME LA CUACHALALATE HUPONYA VIDONDA VYA TUMBO.

"Hili neno 'huponya' haliruhusiwi, Doña. Mpaka uwe na karatasi."

"Karatasi gani, mwanangu? Nimemtibu mama yako."

"Karatasi ya uchunguzi. Si mimi, ni agizo." Masikio yake yalikuwa mekundu. Akachovya brashi, akalifuta neno lile mbele za watu, taratibu, akijitahidi asichafue mengine.

Ubao ukabaki na gome, pengo jeupe, na vidonda vya tumbo.

"Nipimie vidonda nusu kilo!" akasema Don Wulfrano, na hata wanaotupenda walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

Bibi alibeba ubao mpaka nyumbani kwa mikono yake, hakutaka kusaidiwa. Akauegemeza jikoni karibu na meko, akakaa akiutazama.

"Nalitaka neno langu," alisema. Halafu akawasha moto wa maharage.

*

Sasa, Daktari Renata Olmos tulikuwa tunamfahamu. Ni mtafiti wa chuo kikuu cha mjini, mwanamke mwembamba mwenye kucheka kwa pua, aliyekuwa ananunua gome kwa bibi kwa miaka miwili. Siku ya kwanza bibi alimuuliza anamtibu nani.

"Panya, Doña."

"Panya nao wana vidonda?"

"Tunawatia sisi."

"Maskini wa Mungu!" Bibi akamwongezea gome bure, kwa ajili ya panya.

Panya wakapona. Mwezi ule ubao ulipofutwa, Daktari Renata akaja kusema kwamba amepata kibali cha kujaribu kwa watu. Thelathini, wote wa San Gaspar, wote wenye vidonda vidogo visivyotoa damu. Kamera mwanzo, wiki nane, kamera mwisho. Daktari wa kliniki atawaangalia, na atakayezidiwa atatolewa apewe matibabu ya hospitali. Gome litasagwa liwe unga, litiwe kwenye pakiti zenye namba tu. Watu kumi na tano watapata gome. Kumi na tano watapata unga wa rangi ileile, mtupu.

"Hao wa rangi," bibi akauliza, "wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu. Ila bila wao hatuwezi kujua kama kilichoponya ni gome, au ni muda tu kupita, au ni kuacha pilipili. Na asijue mtu yeyote nani ana nini. Hata mimi sijui. Orodha iko mjini, ndani ya bahasha iliyofungwa."

Bibi akageuza tortila kwa vidole vyake visivyoungua.

"Ni kama hii ya kwanza," alisema. "Unaipoteza ili ujue kikaango kimepata moto."

"Barabara kabisa, Doña."

Nalisisitiza hili kwa sababu baadaye watu walisema mzee wa watu hakuelewa. Alielewa kuliko mimi.

Nami nikapata kazi. Nina cheti cha sekondari na mwandiko wa kupendeza, na nilimwambia Daktari Renata waziwazi kwamba karatasi inayopita mkononi mwangu haijui uongo. Akafurahi. Akanipa mkoba wenye nembo ya chuo na peni ya buluu yenye kamba ya kuvaa shingoni. Kila Jumanne nizungukie nyumba thelathini, nigawe pakiti saba za wiki, nijaze fomu. Maumivu kutoka sifuri hadi kumi? Umekula pilipili? Na swali la mwisho kabisa: Je, wiki hii umetumia dawa nyingine yoyote?

*

Babu alikuwa namba kumi na nane.

Siku mbili kabla ya kuanza, bibi aliipekua nyumba kama askari. Pilipili mbichi, za kukausha, za siki, zote zikaenda kwa majirani. Hata kinu akakisugua kwa majivu. Babu alikaa mezani, akakoroga sahani yake kwa kijiko.

"Maharage haya," akasema, "yamekufa bila padre."

"Kula."

"Nakula. Nayaombea."

"Na hiyo kofia yako inanuka siki, Evodio. Vua."

Akavua. Zilidondoka mbili.

Jumanne ya kwanza, nikamkorogea pakiti yake kwenye lita ya maji mbele ya bibi. Maji yakawa mekundu, mazuri, kama ya bibi mwenyewe. Babu akashika kikombe kwa mikono miwili. Akajipiga ishara ya msalaba. Akafumba macho, akakunja uso, akameza funda moja kubwa kama mtu anayeruka kisimani. Halafu akafumbua jicho moja.

"Casilda," alisema. "Mbona si baya?"

"Unasemaje?"

"Linapita vizuri. Lina utamu kwa mbali. Miaka yote hii nilikuwa punda tu!" Akanywa tena, akatabasamu, akamshika bibi kiuno mbele yangu. "Nisamehe, mke wangu."

Bibi akakichukua kikombe. Akanywa kidogo, akaacha maji yakae ulimini. Anayelijua gome lile anajua kwamba halina uchungu wa kutisha, lina ukakasi. Linaubana ulimi, linayakausha mashavu kwa ndani kama ndizi mbichi, na unakaa nalo kinywani mpaka chakula cha mchana. Bibi akasubiri. Niliuona uso wake ukisubiri. Ukakasi haukuja.

Akamrudishia kikombe. "Kunywa yote," alisema kwa upole, akatoka uani.

Nilimfuata. Alikuwa anawarushia kuku mahindi ambayo walikuwa wamekwisha kula.

"Nere. Ni rangi."

"Bibi, hatutakiwi kujua!"

"Ulimi wangu haukuuliza kama unatakiwa."

"Basi sahau."

"Nimesahau," alisema. Kuku wakazidi kushiba.

Alistahimili mpaka Alhamisi. Siku hiyo babu alirudi kutoka shambani kabla ya saa nne, rangi ya uso kama ya majivu, mkono ameubana chini ya mbavu. Bibi akamvutia kiti. Hapo babu yangu, ambaye maisha yake yote amelifanyia gome lile mzaha, akameza mate, akanyoosha mgongo, akamwambia mkewe:

"Linashika, Casilda. Nalisikia. Gome lako linafanya kazi."

Alikuwa anadanganya ili amfurahishe. Baada ya miaka arobaini na minane ameamua kumwamini, na alichokuwa anakiamini kilikuwa rangi ya maji.

Bibi akageuka. Alikwenda pembeni kwenye mtungi wake wa udongo, ambao gome halikauki ndani yake, akajaza kikombe mpaka juu.

"Leo pakiti nimeikoroga vizuri zaidi," alisema. "Kunywa."

Babu akanywa. Macho yakamtoka.

"Ee Mama wa Mungu! Mlango!"

"Kunywa, mpenzi wangu."

"Na bawaba zake!"

Lakini alikunywa chote.

*

Kama ingeishia hapo, pengine hata Daktari Renata angecheka. Mtu mmoja kati ya thelathini. Lakini Jumapili, sokoni, alikuja komadre wake bibi, Doña Macrina, ambaye ndiye aliyemshika mama yangu siku ya ubatizo. Ni mjane, anaishi peke yake mtaa wa juu, hana wa kumwambia "pole" ila redio. Naye alikuwa kwenye uchunguzi, namba saba. Akakaa juu ya gunia la magome, akashika tumbo.

"Nakunywa, komadre, nakunywa kila siku. Sijui. Labda tumbo langu limezeeka kuliko mimi."

Niliona mkono wa bibi ukisita juu ya mizani.

"Mume wangu nimempa kwa sababu ni mume wangu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Macrina naye nani atampa? Redio?"

"Bibi, tortila ya kwanza. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema." Akamgeukia. "Komadre, hiyo chupa unayokunywa iko kwenye kapu? Hebu nionje, nione kama huyu mjukuu wangu amekukorogea sawasawa."

Ilikuwa rangi.

Jumapili mbili zikatosha. Kila mgonjwa wa San Gaspar hupita mbele ya kibanda cha bibi, maana hakuna njia nyingine ya kwenda kwa muuza nyama wala kanisani, na kila mmoja alionjewa chupa yake kwa kisingizio hiki au kile. Don Wulfrano naye alikuwamo, namba ishirini na mbili. Mcheshi yule kumbe naye alikuwa na punje yake ya mahindi. Bibi alionja maji yake, akamtazama usoni mtu aliyemwomba nusu kilo ya vidonda, akashusha pumzi.

"Naye pia," aliniambia. "Rangi."

"Huyo mwache, bibi! Huyo anastahili."

"Kinywa chake ndicho kinachostahili. Tumbo lake halijanitukana."

Mbali na babu walikuwa kumi na wanne. Kwa hiyo kila Jumatatu jioni bibi alijaza chupa kumi na nne za soda, zile za lita mbili, maji mekundu ya gome la kweli, na kila Jumanne zikafika kwa wenyewe pamoja na maagizo: kunywa hii, kikombe kila siku, pakiti mwagia maua. Zilifikaje? San Gaspar ni mji wa miteremko. Vitu huteremka. Mimi nilikuwa na kazi yangu ya fomu.

Na fomu nilizijaza. Maumivu: nane, kisha sita, kisha tatu. Nilipofika swali la mwisho niliuliza kwa sauti, kama nilivyofundishwa.

"Je, umetumia dawa nyingine yoyote, Doña Macrina?"

"Nyingine? Hapana, mwanangu. Ni ileile ya Casilda."

Nikaandika: Hapana.

Wiki nane zikaisha. Kamera ikarudi kooni mwa babu, akalia tena, lakini punje ya mahindi haikuwapo; palikuwa na alama tu, kama ya ukucha. Doña Macrina akaanza kunenepa mashavu. Don Wulfrano akamletea bibi nyama kilo mbili, akaiweka mezani bila neno, na kwa Don Wulfrano kukaa bila neno ni kama mtu mwingine kupiga magoti. Bibi akanunua kopo dogo la rangi ya kijani na brashi, akaviweka chini ya ubao, tayari.

*

Daktari Renata alikuja Alhamisi saa sita mchana, na bahasha ilikuwa imefunguliwa. Alikaa jikoni kwetu, mezani, babu upande mmoja na mimi upande wa pili. Bibi akampa sahani ya maharage. Daktari akashika kijiko, hakukitumia.

"Nere, nipe peni yako niandike kitu."

"Nimeipoteza, daktari."

Akatoa yake. Hakuandika.

"Doña Casilda. Waliokunywa gome, kati ya kumi na tano wamepona kumi na mmoja."

Bibi akaunganisha viganja. Macho yake yalikwenda kwenye kopo la kijani.

"Waliokunywa rangi," Daktari Renata akaendelea, "wamepona kumi na wawili."

Maharage yalikuwa yanachemka. Tuliyasikia vizuri.

"Maana yake nini?" babu akauliza.

"Maana yake, Don Evodio, karatasi itasema kwamba gome na maji ya rangi ni sawasawa. Na rangi imezidi kidogo. Nimehesabu mara nne. Nimelia ndani ya gari. Sielewi, panya walipona vizuri kabisa. Lakini ndivyo ilivyo, na lazima niandike ilivyo."

"Na mimi nilikuwa wapi? Namba kumi na nane?"

"Rangi."

"Rangi!" Babu akasimama nusu. "Wiki nane nimelamba mlango, leo unaniambia..." Akaketi ghafla. Chini ya meza kisigino cha bibi kilikuwa juu ya kidole chake.

Mimi namjua bibi yangu. Nilimwona akipima, kama anavyopima gome, bila mizani. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu kwa lolote. Atabaki Doña Casilda aliyeshirikiana na chuo. Ila gome litaandikwa kwamba ni sawa na rangi ya kikombe, na maandishi hayo yataishi zaidi kuliko yeye. Akisema, gome litapona, na atakayefutwa kwa rangi nyeupe mbele za watu ni yeye.

Akajipangusa mikono kwenye aproni.

"Hawakunywa rangi," alisema. "Niliwapa gome. Wote kumi na tano."

Daktari Renata hakuelewa, kisha akaelewa. Niliona inavyoshuka, kutoka kwenye paji la uso mpaka mikononi. Akakiweka kijiko mezani kwa uangalifu mno.

"Ulijuaje nani?"

"Nilionja."

"Ulionja." Alicheka kwa pua, lakini hakikuwa kicheko. "Miezi mitatu nilitafuta rangi isiyotofautika. Miaka miwili ya kuomba fedha. Doña, nilikueleza! Nilikaa kwenye kiti hikihiki nikakueleza!"

"Ulinieleza, na nilielewa. Lakini tortila haina jina, daktari. Hawa nawajua majina."

Daktari Renata alijifuta macho kwa kitambaa cha kufunikia tortila. Bibi alisimama palepale, mikono chini, kama mtoto aliyevunja chungu. Nilitamani daktari amgombeze zaidi, iishe.

"Kwa hiyo sina watu kumi na tano wasiokunywa," Daktari Renata alisema mwishowe. "Nina thelathini waliokunywa, na ishirini na watatu wamepona. Haithibitishi kitu. Huenda ni gome. Huenda ni pilipili walizoacha, au vidonge vya goti." Babu akatazama gitaa. "Lakini angalau siwezi tena kuandika kwamba gome ni sawa na rangi. Nitaandika kwamba uchunguzi umeharibika, na nitaandika sababu."

"Andika jina langu," bibi alisema. "Kamili."

"Nitarudia kiangazi kijacho, wakinipa fedha. Kwenye mji mwingine. Mbali. Mahali ambapo wewe humjui mtu hata mmoja."

"Nitawajua kwa siku mbili, daktari."

"Ndiyo sababu hutakuja. Utaniuzia gome tu."

Bibi akakubali kwa kichwa. Akaliinua kopo la kijani, akalitazama, akalipandisha juu ya kabati, nyuma ya chumvi. Babu akanyoosha mkono, akamshika kidole kidogo, kimoja tu, mbele ya mgeni.

"Ila nieleze jambo moja," Daktari Renata alisema, akizipekua fomu zangu. "Chupa hizo alipeleka nani? Nyumba kumi na nne, nyingine ziko kule juu kabisa."

"Mimi," bibi akajibu upesi. "Polepole."

"Kwa magoti hayo?"

"Polepole sana."

Nami niliyasoma maharage yangu kama gazeti.

"Na wewe, Nere? Kila Jumanne umo ndani ya nyumba hizo. Hukuona chochote?"

"Daktari, watu hawa!" Nikatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu mzima. "Wananitazama usoni wananiambia hapana. Mimi nafanyaje? Naandika walichosema."

Daktari Renata akanitazama kwa muda, akazifunga fomu. "Angalau wewe ulifuata utaratibu," alisema. "Kiangazi kijacho nitakuhitaji. Mwandiko wako ndio kitu pekee safi kilichobaki."

Nikainamisha macho, kama inavyompasa msichana anayesifiwa. Bibi alinitazama. Alikuwa ameshauchukua mzigo wote na ameamua kufa nao. Nami, niseme kweli, nilimwachia.

Ndipo nikasikia gurudumu. Ni toroli moja tu San Gaspar linalolia vile, kama paka aliyekanyagwa, na lilikuwa linaingia uani kwetu.

"Hodi humu!" Doña Macrina akasimama mlangoni, anahema, mashavu mekundu ya afya. Nyuma yake toroli la babu lilikuwa limejaa chupa tupu za soda. "Samahani, mna mgeni. Sikai. Nere, mwanangu, nimeona niteremshe mwenyewe. Toroli lako umeniachia tangu Jumanne ile ya mwisho, ukasema unarudi, hukurudi. Chupa zote nimekukusanyia, za mtaa wa juu na wa chini, kumi na nne, nimezisuuza. Na peni yako hii hapa." Akaishika kwa kamba yake ya buluu, ikining'inia, ili meza nzima ione. "Ilinasa kwenye mpini. Nikajiambia, maskini mtoto wa watu, zile 'hapana' zake sasa ataziandika kwa peni gani?"